Meza Ilifika Ruiru Kabla ya Mama

Gitothua, Ruiru
4 Mei 2025

Mum mpendwa,

Salaam aleikum. Najua utashangaa kupata karatasi badala ya SMS. Lakini SMS zangu zote huwa unajibu "sawa", na ukiwa na furaha sana unajibu "sawa mama". Na tangu zile mashine za kiwanda zikumalize masikio siwezi kukupigia nikueleze jambo refu. Kwa hivyo nimeamua kuandika kama watu wa zamani. Barua nimempa Gachau, yule dereva wa lori la duka la Bi Bhavna anakofanya kazi Irshad, akileta simiti huku Ruiru. Irshad atakufikishia.

Habari ndiyo hii: nimepata nyumba yangu! Sio kile chumba tulichokuwa tunabanana na Wavinya. Hii iko na chumba cha kulala, sebule, jikoni, na choo ndani. Ghorofa ya pili, dirisha moja linaangalia shamba la mtu la kabichi. Nilifungua mlango nikacheka peke yangu. Halafu nikaangalia ndani nikaacha kucheka. Mum, hakuna kitu. Godoro, mtungi wa gesi, cherehani yangu na ndoo mbili. Nikikohoa, nyumba inanijibu.

Nataka uje unitembelee, lakini sitaki uje ukae kwenye godoro kama mgonjwa. Nataka kitanda, kiti cha maana, na meza ya kulia chakula. Wasichana wa kazini wananiambia niende lile duka kubwa la barabarani lenye taa nyingi, nichukue seti nzima, nilipe polepole. Picha zake ni nzuri, aki. Lakini mimi ni mtoto wa seremala na ninaogopa kutapeliwa. Wewe na Baba mlikuwa mnanunuaje vitu? Nifundishe.

Msalimie Irshad. Mwambie kabla hajanunua simu nyingine akumbuke dada yake ana ndoo mbili.

Binti yako,
Safaa


Majengo, Thika
9 Mei 2025

Mwanangu Safaa,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nililia, mara ya tatu nilicheka hapo kwenye ndoo. Usiniulize kwa nini nililia. Hongera, mama. Mungu akuwekee amani katika hiyo nyumba.

Sasa nisikilize. Seti achana nayo. Seti ni ya mtu anayetaka nyumba ijae leo. Wewe anza na kitanda, kwa sababu hicho utakitumia kila siku hata usipopata mgeni mwaka mzima. Na kitanda usinunue kilichokwisha kupakwa rangi. Tafuta fundi ambaye utasimama kwenye karakana yake uone mbao zikiwa bado uchi. Mbao iliyopakwa vanishi ni kama mtu aliyevaa miwani ya jua, huwezi kumwona macho.

Marehemu baba yako, miaka ishirini na sita kwenye karakana ya Mzee Swaran akipiga randa, alikuwa hanunui hata kigoda bila kukigonga kwa kidole, kama anabisha hodi. Mimi wakati huo bado nilikuwa nasikia. Mbao nzima inakujibu kwa sauti nzito. Zile za vumbi lililogandishwa kwa gundi hazijibu kitu, na ukipiga deki maji yakazifikia chini, zinavimba kama mandazi. Ukiona kabati, usisimame mbele yake. Mbele ndipo pesa ya rangi ilipokwenda. Zunguka nyuma.

Na kabla ya yote pima mlango wako na zile ngazi. Futi ya kushonea unayo. Jirani mmoja alinunua kochi likalala nje siku tatu linanyeshewa, mlango umelikataa.

Ukienda kununua kochi la mitumba beba tochi. Fungua mikunjo ya kitambaa, angalia pale kwenye mshono. Kunguni hawalipi nauli, lakini wanafika.

Mama yako,
Zahra


Gitothua, Ruiru
15 Mei 2025

Mum,

Wewe ungekuwa mwalimu! Nimeenda lile duka la taa nyingi na Wavinya. Nikapita moja kwa moja nyuma ya kabati moja jeupe, zuri, la kioo. Mum, mgongo wake ni kama katoni ya biskuti. Nimesukuma kidogo na kidole gumba, ikabonyea. Yule kijana wa duka akanikimbilia: "Madam, hii ni ya kuangaliwa mbele!" Wavinya alicheka mpaka akatoka nje.

Kitanda nimepata kwa fundi anaitwa Omondi, yuko kando ya reli. Nilimwambia nataka kuona mbao kwanza. Akaniangalia, akasema, "Wewe umetumwa na nani?" Nikamwambia mamangu. Akaniletea mbao za saipresi, nikagonga moja moja, mbili nikazikataa, na yeye mwenyewe akakubali kwamba zilikuwa bado mbichi. Kitanda kiko ndani, hakilii hata ukirukia.

Kochi sasa. Kuna mama alikuwa anauza la watu watatu, bei ya chini sana, anasema anahamia nchi za nje. Nikatoa tochi, nikafungua mshono. Mum! Walikuwa wamejaa kama watu wa sokoni. Nikaruka nyuma, nikapiga nduru. Yule mama akaniambia, bila aibu, "Hao ni wadogo." Niliwashwa usiku mzima na sijagusa kitu.

Kwa hivyo kochi bado, lakini nimenunua viti viwili vya mbao na mito nimeshona mwenyewe. Imebaki meza. Jumapili ya tarehe ishirini na tano siendi kazi. Njoo basi. Nitapika pilau. Au nije mimi huko Thika? Tangu Iddi sijafika nyumbani.

Safaa


Majengo, Thika
20 Mei 2025

Mwanangu,

Nimefurahi kuhusu kitanda. Kuhusu hao "wadogo" nimecheka mpaka mtu aliyekuwa karibu akaniuliza kuna nini.

Jumapili sitaweza kuja. Na wewe usije kwanza. Mwenye nyumba anapaka rangi, harufu imejaa kila mahali na vitu vyote viko nje. Subiri kidogo, mimi ndiye nitakuja.

Meza usinunue ya kioo. Utaishi ukiifuta. Tafuta meza ya zamani, iliyotengenezwa na mtu aliyedhani wajukuu wake wataikalia. Watu siku hizi wanaziuza rahisi kwa sababu ni nzito na hawataki kuhama nazo. Usiogope mikwaruzo ya juu, hiyo msasa unaondoa. Geuza meza miguu juu, uangalie viungo. Kama kuna misumari imepigwa ovyo, acha. Kama mguu wenyewe umeingia ndani ya mbao, bila msumari, hiyo nunua. Mwenye duka akikukataza kuigeuza, toka.

Mungu akulinde.

Mama yako,
Zahra


Gitothua, Ruiru
25 Mei 2025

Mum,

Utanisamehe mwandiko, naandikia kwenye goti.

Leo asubuhi nimeenda kwa mama mmoja anaitwa Ngendo, ana uwanja wa fanicha nzee hapa nyuma ya soko. Kuna meza ilikuwa kwenye kona, imefunikwa na magunia, na viti vinne juu yake. Nikaipenda kabla sijafunua yote. Nikamuuliza bei. Akataja. Nikamwambia apunguze. "Ngai! Huyu msichana anataka kuniua," akasema, lakini alikuwa anacheka. Nikamwambia nataka kuigeuza. Akaita mtu akatusaidia, tukaiweka miguu juu.

Kuna maandishi chini. Ya kalamu ya wino, herufi kubwa. Nakuandikia vile yalivyo:

HAPA NI KWA SAFAA. IRSHAD HARUHUSIWI KUINGIA. 2006.

Na chini yake, herufi zimeinama kama zinaanguka: NIMEINGIA. IRSHAD.

Mum, nilikaa chini kwenye vumbi. Ngendo alidhani nimeshikwa na kisukari, akaleta soda. Nikamwambia hii ni meza yetu. Hii ni meza Baba alitengeneza kwa mikono yake, nilikuwa nacheza chini yake nikiwa na miaka kumi, tumekula hapo Iddi juzi juzi. Nimemuuliza ameitoa wapi. Anasema mwezi uliopita, Thika, kwa kijana mrefu wa kofia. Alikuwa na pikapu na alikuwa na haraka sana, hata bei hakubishana. Aliuza meza, viti, kabati la vyombo na kitanda kikubwa.

Kitanda chako, Mum?

Nimempigia Irshad papo hapo. Nikamuuliza meza yetu iko wapi. Halafu akasema, "Uliza Mum," akakata. Nimepiga tena mara sita.

Nimelipa. Nimenunua meza ya Baba kutoka kwa mtu baki, na sikuweza hata kuomba punguzo tena. Iko hapa sebuleni na siwezi kuiangalia.

Niambie kinachoendelea. Irshad amekuuzia vitu? Uko salama? Unalalia nini?

Safaa


Majengo, Thika
28 Mei 2025

Mwanangu Safaa,

Tulia. Meza nilimpa fundi airekebishe mguu. Labda huyo fundi ameiuza, watu siku hizi si wa kuaminika. Nitafuatilia. Kitanda si changu, vitanda vinafanana.

Usimuulize Irshad chochote. Usije Thika sasa. Mimi ni mzima, nakula, nalala vizuri.

Mama yako,
Zahra


Thika, mjini
2 Juni 2025

Irshad,

Nimekaa kwenye kibanda cha chai mkabala na duka lenu, nakuandikia kwa sababu hushiki simu. Barua namwachia Gachau.

Mguu wa hiyo meza haujawahi kuharibika. Wewe unajua na mimi najua. Hakuna msumari hata mmoja pale. Mum hajawahi kunidanganya maishani, na juzi ameniandikia uongo wa mistari michache, kwa haraka, kama mtu anayesimamiwa. Nani alikuwa amemsimamia?

Leo ni sikukuu, sina kazi, nikaja. Nimefika Majengo saa tatu. Nikabisha ule mlango wetu wa kijani, ambao sasa ni wa buluu. Akafungua mwanamke simjui, mtoto mgongoni. Nikamuuliza, "Mum yuko?" Akaniuliza, "Mum wa nani?"

Nimeangalia ndani kupitia bega lake. Kuna televisheni ya watu wengine pale Baba alikuwa anawekea redio. Anaitwa Warigia, amehamia tangu mwezi wa nne. Hajui Mum alienda wapi. Aliambiwa tu na mwenye nyumba kwamba mtoto wa kiume wa yule mama ndiye aliyerudisha funguo.

Mwezi wa nne, Irshad! Mwezi wote wa tano nimekuwa nikipata barua za kutoka "Majengo, Thika". Zimepitia mikononi mwako. Mama yetu hasikii. Mtu akimfungia mahali hawezi hata kujua kama kuna anayebisha. Umempeleka wapi?

Nimekuja dukani, nikaambiwa umetoka na mzigo. Nikamwambia Bi Bhavna, mbele ya wateja wote, kwamba ameweka mwizi ashike funguo za stoo yake. Kwamba umeuza kitanda cha mama yako na haijulikani umemtupa wapi. Sijutii. Kufikia Ijumaa usiponionyesha Mum alipo, mimi naenda kituo cha polisi.

Safaa


Thika
4 Juni 2025

Safaa,

Leo siwezi kukuita dada. Namba yako nimeifungia, usijisumbue.

Kijana mrefu wa kofia ni mimi. Nilikuwa na haraka kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka huyo mama wa fanicha anione. Unadhani ni rahisi kubeba meza ya Baba ukaiweka kwa pikapu ya watu? Mathe aliniambia iuze, nikauza. Pesa yote nilimpa mkononi, akahesabu mbele yangu.

Mathe hajafungiwa mahali. Ako Ngoliba. Ameolewa.

Soma tena kama hujaelewa. Ameolewa, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, nilikuwa pale ndoa ikifungwa, nikala biriani. Bwana anaitwa Mzee Ayub, ni mkulima, bibi yake alikufa kitambo. Kila Jumanne na Ijumaa wanaleta nyanya Thika, mathe ananipatia barua yako nimpe Gachau. Hiyo ndiyo kazi nimekuwa nikifanya. Aliniapisha nisikuambie mpaka akuambie mwenyewe. Kila wiki namuuliza, "Umemwambia?" Anatingisha kichwa. Wewe unamwandikia mambo ya kunguni, yeye anacheka, halafu analia.

Sasa sikia vile umefanya. Nilirudi na lori saa nane, nikakuta wasee wote wa kazi wananiangalia. Bi Bhavna hakupiga kelele. Alinyoosha tu mkono, nikampa funguo. Miaka mitano nimeshika hizo funguo na hakujawahi kupotea hata msumari. Akasema niende nyumbani mpaka mambo yajulikane. Niko kwa keja sasa, hiki chumba nilichopanga, naangalia ukuta.

Si ungeniuliza mara moja tu, polepole, kama mtu? Ulinipigia ukinguruma. Ningekuambia nini na nimeapa?

Enda polisi. Waambie mamako ameolewa.

Irshad


Ngoliba
8 Juni 2025

Mwanangu Safaa,

Hii ndiyo barua ya kwanza ninayokuandikia nikiwa nimeandika juu mahali nilipo kweli.

Irshad amenionyesha barua yako. Niliposoma kwamba ulidhani nimefungiwa, nilienda nikakaa nyuma ya nyumba mpaka jua likazama. Iddi imepita na watoto wangu wote wawili wananuniana kwa sababu yangu. Kosa ni langu lote, na ndugu yako ameaibishwa bure.

Nikueleze tangu mwanzo. Baada ya baba yako kufariki nilikaa katika nyumba ile miaka mitatu. Wewe ulikuwa Nakuru, baadaye Ruiru, Irshad anarudi jioni amechoka. Unajua watu wanavyoishi na kiziwi, Safaa. Wananipigia kelele usoni, nikiwaona mishipa ya shingo, au wanasema "wacha tu" na kugeukia mwingine. Hilo la "wacha tu" nimelijua kwa midomo ya watu wote ninaowapenda. Na wako pia.

Ayub alikuwa akiuza nyanya pale mtaani kila Ijumaa. Siku ya kwanza nilimwambia sisikii. Hakunipigia kelele. Alitoa kalamu akaandika bei kwenye kiganja chake, akanionyesha. Nikapunguza kwa kidole, akafuta kwa mate akaandika nyingine. Tulibishana hivyo mpaka kiganja kikawa cheusi, na watu wanapanga foleni nyuma yangu. Nilirudi nyumbani na kilo mbili za nyanya nisizozihitaji. Nilikuwa nimezungumza na mtu kwa nusu saa.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Siku ya arobaini ya baba yako, ulisimama mbele ya shangazi zako ukasema, "Hakuna mwanamume atakalia kiti cha Baba mimi nikiwa hai." Ulidhani sikujua. Mimi sisikii, lakini niliona mdomo wako. Niliubeba huo mdomo kila mahali. Ayub aliponiuliza, nilikaa mwaka mzima bila kumjibu, kwa sababu yako.

Na meza. Sikutaka kumlisha mume wa pili kwenye meza ya mume wa kwanza. Ingekuwa dhambi kwa wote wawili. Wewe wakati huo ulikuwa unalala chumba kimoja na Wavinya, ungeiweka wapi? Na ningekuletea, ungeniuliza, "Mum, wewe sasa unakulia wapi?" Nikaona afadhali iende kwa mtu nisiyemjua. Wiki tatu baadaye barua yako ya kwanza ikafika: una nyumba, huna meza. Hapo ndipo nililia. Nikaanza kukufundisha kununua, nikijiambia kwamba angalau nakusaidia kwa hilo. Sikuwahi kufikiri ile meza ingetoka Thika ikufuate mpaka Ruiru.

Sikuombi umpende Ayub. Nakuomba ukamsafishie ndugu yako jina lake.

Mama yako,
Zahra


Gitothua, Ruiru
29 Juni 2025

Ndugu yangu Irshad,

Najua umesikia nusu yake kwa watu wa dukani. Nakuandikia yote, kwa sababu namba yangu bado umeifungia na una haki.

Wiki nzima baada ya barua ya Mum sikufanya kitu. Sitakudanganya. Nilikuwa naenda kazi, nashona, narudi, nakula nimesimama jikoni. Sikukasirika kwamba ameolewa. Nilikasirika kwamba wewe ulijua. Nilikuwa nimezoea kuwa mkubwa, yule anayejua mambo ya nyumbani kabla yako. Na yale maneno ya arobaini, wallahi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Mtu anasema kitu mara moja, kwa uchungu, mwingine anakaa nacho miaka mitatu.

Halafu nikaenda kwa Bi Bhavna. Ilikuwa Jumatano. Nikasimama kwenye kaunta, nikamwambia, "Mama, nilikosea. Ndugu yangu si mwizi. Alifanya alichotumwa na mama yetu." Alikuwa anaandika risiti. Hakuinua kichwa. Akasema, "Siku ile ulisema, hapa ndani kulikuwa na watu kumi na watano. Leo nahesabu wawili. Wewe rudi Jumamosi, duka ikijaa."

Nikarudi Jumamosi. Unajua Jumamosi ilivyo pale, mafundi wote wa Thika wako hapo wanataka misumari. Nikasema tena, kwa sauti. Nilisema mpaka wapakiaji wakasimamisha kazi. Gachau alikuwa mlangoni, akaangalia viatu vyake. Nilipomaliza, Bi Bhavna akaniambia, "Haya. Jumatatu aje. Ataanza kwa kupakia. Funguo nitampa nikiona yeye mwenyewe hana kinyongo na duka." Nikamwambia hiyo si haki, hukufanya kosa. Akaniuliza, "Haki uliimwaga wewe, mimi niokote yote?" Nisamehe kwa hilo. Najua miaka mitano haipakiwi tena kwa lori kwa siku moja.

Jana Jumamosi nimeenda Ngoliba.

Kule ni kukavu, hujaniambia. Bodaboda ilinishusha penye lango la miti, vumbi mpaka kwenye kope. Mum hakujua nakuja. Alikuwa ameinama kwenye nyanya, kitambaa kimemteleza, na alikuwa anaimba. Irshad, Mum anaimba! Hajisikii mwenyewe, sauti inapanda na kushuka inavyotaka. Nyumbani hakuimba hata siku moja. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa. Aliponiona alidondosha ndoo, nyanya zikabingirika kila mahali, na hakuna aliyeziokota.

Ndani nilishtuka zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kuona makochi. Mtu ananifundisha mwezi mzima jinsi ya kuchagua kitanda na meza na viti, nyumba yake ina benchi moja, viti viwili vya plastiki na kitanda cha chuma. Nikamuuliza kwa mikono, vitu viko wapi? Akanionyesha ukuta.

Wewe umeuona, lakini hukunieleza. Ukuta mzima wa sebule umepakwa rangi nyeusi ya ubao wa shule, kutoka juu mpaka sakafuni. Mzee Ayub aliupaka wiki moja kabla ya ndoa. Umejaa chaki, pande zote, hakuna nafasi ya kuweka hata kabati. Nilisoma kwa muda mrefu. "Umeamkaje?" "Mgongo." "Nimeota mvua." "Chumvi imezidi." "Haijazidi." "Imezidi." Mahali pengine mwandiko wa Mum umejaza kama hotuba, na chini yake Mzee Ayub ameandika tu, "Endelea." Na karibu na dirisha, kwa herufi za Mum: "Safaa akijua atanichukia." Na chini, kwa herufi za mzee: "Basi atakuja kukuambia, na tutamwona."

Alikuwa amesimama nyuma yangu wakati huo, huyo mzee. Ni mfupi, masikio makubwa, kofia ameishika mkononi mwake kama yeye ndiye mgeni. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Ruiru, ya heshima. Yakapotea yote. Nikachukua chaki pale chini, nikaandika ukutani, "Nisamehe, Mzee," nikamgeukia nikamwonyesha kwa kidole.

Akasoma. Halafu akaanza kutabasamu. "Binti yangu," akasema, polepole, "mimi nasikia."

Mum alicheka kwa kuona tu nyuso zetu. Mimi nilitaka kuiweka chaki chini nilitamke kwa mdomo, hilo neno moja tu, na mdomo ukakataa. Yule mzee akaona. Akachukua kiti cha plastiki akakisogeza kwangu, akasema, "Hakuna haraka. Andika."

Mum atakuja kwangu mwezi ujao, na Mzee Ayub, watakula kwenye meza ya Baba na watakaa watakapopenda. Nimemwambia hivyo na ameona mdomo wangu vizuri.

Wewe pia unasikia, Irshad. Nimekuandikia kwa sababu ile ile, mdomo unakataa: nisamehe.

Dada yako,
Safaa